Sahani, Miguu na Umri wa Makamo

Miongoni mwa dhana zilizoenea sana katika miji yetu, na ambazo watu wazima huzipokea bila ya kudai burhani, ni ile isemayo kwamba mtu akishavuka miaka arobaini moto wa mwili wake hupoa, kwamba chakula alichokila ujanani pasipo dhara sasa hugeuka mafuta tumboni, na kwamba kunenepa huko ni kudura ya umri isiyopingika, sawa na mvi na kufifia kwa macho. Dhana hii imewafariji wengi na imewadhuru wengi zaidi, maana mtu aaminiye kwamba miaka ndiyo iliyomnenepesha haoni sababu ya kujitaabisha, kwani nani awezaye kushindana na miaka? Lakini dhana hiyo si kweli, na kwa kuwa si kweli, yafaa iondolewe kwa upole katika vichwa vya watu wa makamo, wanaume kwa wanawake, kabla ya kuzungumzwa habari ya chakula na mazoezi.

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Uchunguzi huo ulikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, tangu mtoto mchanga wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95, ili ijulikane ni nguvu kiasi gani ambayo mwili wa binadamu huitumia katika siku moja. Wataalamu hao, baada ya kuondoa tafauti zitokanazo na ukubwa wa mwili na wingi wa misuli na mafuta, waliona kwamba mtoto wa mwaka mmoja hutumia nguvu kupita mtu mzima kwa kadiri ya nusu nzima, kwamba kiwango hicho hushuka polepole mpaka kufikia miaka 20, na kwamba kuanzia hapo hadi miaka 60 hakipandi wala hakishuki, si kwa mwanamume wala kwa mwanamke, hata katika miaka ile ambayo hedhi ya mwanamke hukoma. Baada ya 60 ndipo upungufu huanza, nao ni wa chini ya asilimia moja kwa mwaka. Basi mtu wa miaka 48 anayeona vifungo vya shati vinagoma hana haki ya kuulaumu moto wa mwili wake. Moto huo unawaka kama ulivyowaka alipokuwa na miaka 25.

Kilichobadilika ni maisha yenyewe. Kijana wa miaka 22 aliyeajiriwa karani mjini hupanda ghorofa kwa miguu, husimama katika daladala kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na jioni hucheza mpira ufukweni mpaka jua kuzama. Mtu huyo huyo, afikapo miaka 45 akiwa mkuu wa idara, huwa na kiti cha kuegemea, tarishi wa kumletea majalada, na gari au bodaboda ya kumfikisha mpaka kizingiti cha mlango, ilhali mezani pake huandaliwa chakula kwa kadiri ya cheo chake na si kwa kadiri ya kazi aifanyayo. Mwanamke wa rika lake, ambaye utotoni alichota maji kisimani na kutwanga kinu, sasa ana bomba ndani ya nyumba na mashine ya kusaga mtaani, neema ambayo hapana mwenye akili atakayetaka iondoke. Walakini kazi ile ilipokwenda haikuacha badala yake. Kisha misuli isiyotumika hupungua: tangu baada ya miaka 30, mtu hupoteza kadiri ya asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake katika kila miaka kumi, na kwa kuwa misuli ni mlaji mkubwa wa nguvu, kupungua kwake hupunguza mahitaji ya mwili pasipo mwenyewe kutambua na pasipo kupunguza wali. Mwanamke akomapo hedhi, aghalabu baina ya miaka 45 na 55, homoni zilizokuwa zikiyaweka mafuta nyongani na mapajani hupungua, na mafuta huhamia tumboni, mahali ambapo hudhuru zaidi, kwa sababu mafuta yaliyozunguka ini na matumbo huvuruga kazi ya insulini na hupandisha shinikizo la damu.

Sisi wa Tanzania tuna ushahidi wetu wenyewe wa mabadiliko haya. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Dar es Salaam, ambao walipima sukari katika damu ya watu wapatao 6,000 wa vijiji sita. Waliokutwa na ugonjwa wa kisukari hawakufikia hata mmoja katika mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba takriban tisa katika mia walikuwa na sukari iliyopita kiasi, na kadiri ya robo ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi. Umri wa waliopimwa na njia za kupima hazikuwa sawa katika chunguzi hizo mbili, na watu wa vijijini si watu wa mijini, kwa hiyo haifai kuzilinganisha tarakimu hizo kana kwamba zimetoka katika mizani moja. Hata hivyo mwelekeo wake hauna shaka, na daktari yeyote wa hospitali ya wilaya anayehudhuria kliniki ya kisukari anaujua bila ya kusoma jarida lolote.

Mtu akielewa haya, jambo la kwanza limjialo ni kusema: basi nitakimbia. Azma hiyo ni njema, nami sitaki kuivunja, lakini ni lazima aelezwe mapema kitu ambacho wengi hukigundua baada ya miezi ya kutoka jasho na kukata tamaa, nacho ni kwamba mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Ushahidi mzuri wa neno hili haukutoka Ulaya wala Marekani. Umetoka kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe.

Wahadzabe, kama ijulikanavyo, ni watu wachache, kadiri ya elfu moja na ushei, na baadhi yao mpaka leo huishi kwa kuwinda kwa upinde, kuchimba mizizi, kuokota matunda ya porini na ubuyu, na kurina asali. Hawana ng'ombe wala shamba, na kila tonge liingialo kinywani limetafutwa kwa miguu: mwanamume hutembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na mwanamke karibu kilomita 6, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni na mti wa kuchimbia mkononi. Pontzer yule yule, akiwa na wenzake ambao miongoni mwao alikuwamo Mtanzania Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda huko akitaraji kukuta kwamba watu hawa hutumia nguvu nyingi mno kuliko karani wa Marekani akaaye kitini mchana kutwa. Waliwapa maji ya kunywa yaliyotiwa haidrojeni na oksijeni za aina nzito, ambazo hazimdhuru mtu, kisha wakapima mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na kwa pumzi pia, kwa hiyo tafauti iliyopo baina ya kasi za kutoka kwake huonyesha ni hewa ya kaboni kiasi gani iliyopumuliwa, na kutoka hapo hujulikana ni nguvu kiasi gani iliyotumika. Hapana njia iliyo sahihi kuliko hii ya kumpima mtu anayeendelea na shughuli zake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na yaliwashangaza hata waliopima. Mwanamume wa Kihadzabe alitumia takriban kalori 2,600 kwa siku, na mwanamke takriban 1,900, na viwango hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, havikutafautiana na vya watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anashikilia kwamba mwili huendesha matumizi yake kama mwenye nyumba mwenye kipato kisichoongezeka: akitumia zaidi katika jambo moja hubana jengine, na mtu atembeaye sana hutumia nguvu chache katika uvimbe wa ndani, katika taharuki na katika mambo mengine yasiyoonekana. Hoja hiyo bado inajadiliwa na wataalamu, lakini funzo lililo wazi kwa mtu wa makamo ni kwamba Mhadzabe hakuwa mwembamba kwa sababu ya kuunguza chakula kingi. Alikuwa mwembamba kwa sababu chakula alichokipata, kilichojaa nyuzinyuzi na kisicho na sukari ya dukani wala mafuta ya chupani, hakikupita mahitaji yake.

Kwa hiyo uzito ni habari ya sahani kwanza, na hapa pana mengi ya kusema, kwa kuwa vyakula vyetu ni vitamu na mapishi yetu ni ya fahari, na mimi si miongoni mwa wanaotaka watu wa pwani waache nazi.

Tuanze na chai, kwa sababu hudharauliwa. Kijiko kidogo cha sukari kina kadiri ya kalori 16. Mtu atiaye vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe vinne tangu asubuhi hadi usiku, amekwisha kuingiza kalori zinazokaribia 200 ambazo hazikumshibisha hata kidogo, na ambazo ili azitoe kwa miguu itambidi atembee kwa haraka kwa muda wa dakika 40 au zaidi. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko 8 hivi. Maji ya matunda yaliyokamuliwa na kuchujwa, ambayo watu huyanywa kwa nia ya kutafuta afya, hayana tafauti kubwa na soda, kwani nyuzinyuzi zimebaki katika chujio na sukari imebaki katika glasi. Afadhali chungwa lenyewe litafunwe. Mtu wa makamo ambaye hataki kubadili chochote kingine katika maisha yake, lakini akakubali kuzoea chai ya kijiko kimoja, kisha nusu, kisha ya tangawizi na iliki bila ya sukari, amefanya jambo ambalo mwili utaliona kabla ya miezi mitatu kwisha, na ulimi, ambao ndio mlalamikaji mkubwa, huzoea baada ya wiki kadhaa.

Baada ya chai ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori takriban 120, na chapati iliyokandwa kwa mafuta ikakaangwa kwa mafuta huweza kupita 250, hali mlaji hahesabu chapati mbili kuwa ni chakula bali kuwa ni kitu cha kushushia maharage. Chipsi mayai, chakula cha jioni cha wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam, hubeba kwa urahisi nusu ya chakula kimtoshacho mtu kwa siku nzima. Wali wa nazi nao haudhuru kwa ubora wake. Hudhuru kwa wingi wake, na kwa jinsi ambavyo mchuzi na mboga vimefanywa wasindikizaji tu. Sahani ya mtu wa makamo yapasa kupinduliwa: mchicha, kisamvu, bamia, biringani na kachumbari vishike nusu yake, samaki au dagaa au kunde au kuku vishike robo, na wali au ugali ubaki katika robo iliyosalia, tui likiwa la pili badala ya la kwanza. Chakula cha namna hii hushibisha, kwa kuwa nyuzinyuzi na protini hukaa tumboni muda mrefu, na shibe ndiyo siri ya kudumu. Mtu anayeshinda na njaa hushindwa tu, hata akiwa na subira ya namna gani.

Neno la Ramadhani nalisema kwa taadhima. Mwezi ambao siku zake ni za kujizuia huweza kuwaacha baadhi ya watu wa makamo wakiwa wazito kuliko walivyokuwa Shaabani, na sababu si saumu, bali ni futari: mihogo na magimbi ya tui zito, sambusa, katlesi, kaimati zilizozama katika shira, kisha pilau ya usiku, kisha daku, na baina ya yote hayo maji ya ukwaju yaliyojaa sukari. Anayefuturu kwa tende na maji, akala uji mwepesi, samaki na mboga, akaenda kusali tarawehe kwa miguu, hupungua kilo zake pasipo kuhesabu. Kaimati moja ya kufurahisha moyo haijamvunja mtu. Sinia lake ndilo livunjalo.

Kuhusu dawa za kukondesha zinazouzwa masokoni na majani yasifiwayo kuwa huyeyusha tumbo, nitapita upesi. Mengi yake ni sanamaki au mfano wake, yaani dawa ya kuharisha. Mizani huonyesha upungufu siku ya pili kwa sababu maji yametoka, na mafuta yapo pale pale. Sindano mpya za kupunguza hamu ya chakula, zilizokubaliwa katika nchi kubwa katika miaka hii ya karibuni, zina nguvu ya kweli, lakini bei yake ni ya wachache, yapasa zitolewe na daktari, na aziachaye hurejewa na kilo nyingi.

Ikiwa mazoezi hayapunguzi uzito sana, msomaji ataniuliza, ya nini basi kujisumbua? Jawabu lake lilianza kujulikana katika mabasi ya London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja aitwaye Jerry Morris aliona kwamba maradhi ya moyo yanawaua wanaume wa makamo kwa wingi usioeleweka, akaanza mwaka 1949 kuwachunguza wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili, na katika kila basi walikuwamo watu wawili wa tabaka moja, mtaa mmoja na mshahara unaokaribiana: dereva, aliyekaa kitini karibu muda wote wa zamu yake, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi 500 hadi 750 kwa siku akikata tiketi. Morris alipotoa matokeo mwaka 1953 ilionekana kwamba makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopata, waliyapata wakiwa na umri mkubwa zaidi na hawakufa kwa ghafla kama wenzao. Hakuishia hapo. Aliomba vipimo vya suruali za kazi walizoshonewa watu hao, akaona kwamba madereva walikuwa na viuno vinene katika kila umri. Lakini alipoendelea kuchunguza alitambua kwamba unene haukutosha kueleza tafauti yote, kwani kondakta mnene naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene. Ngazi ziliulinda moyo wake hata pale zisipomkondesha. Morris aliyaamini maneno yake, akawa mtu wa mazoezi maisha yake yote, na alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wengi wa makamo wanapopotea. Hutembea mwezi mmoja, hupanda mizani, huona kilo moja tu imeondoka, nao husema kazi bure, huacha. Laiti wangepima shinikizo la damu, sukari ya asubuhi, usingizi wao, na jinsi wanavyopanda ngazi bila ya kutweta, wangeona kwamba kazi haikuwa bure hata siku moja. Kisha yapo mambo mawili ambayo mazoezi huyafanya hata kwa upande wa uzito: huzuia misuli isiondoke pamoja na mafuta wakati mtu anapopunguza chakula, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, huwekwa daftari la watu waliopunguza kilo zaidi ya 13 na kukaa nazo mbali kwa mwaka mmoja na zaidi. Wengi wao hufanya mazoezi kadiri ya saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea.

Kutembea, basi, ndiko niwapendekezeako wenzangu. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na miaka 45, umri wa makamo hasa, alipotembea kwa miguu mnamo Oktoba 1967 kutoka Butiama hadi Mwanza, masafa ya zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Safari hiyo ilikuwa ya siasa na si ya siha, lakini yaonyesha mwili wa makamo unavyoweza ukizoeshwa. Shirika la Afya Duniani halidai ila sehemu ndogo ya hayo: ladai dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa haraka, yaani mwendo ambao mtu aweza kuzungumza na mwenziwe lakini hawezi kuimba. Kwa uchache hizo ni dakika 30 kwa siku tano, ambazo kwa watu wa pwani hupatikana vizuri baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, au jioni baada ya alasiri. Anayeanza baada ya miaka mingi ya kukaa na aanze na dakika 10, aongeze polepole.

Kuna kikwazo ambacho si cha mtu mmoja mmoja, nacho ni miji yenyewe. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu, na zenye njia, imezibwa na magari na vibanda. Mwanamke atembeaye peke yake alfajiri huogopa, na akitembea mchana hupigiwa kelele za utani. Haki ya raia kutembea kwa amani katika mji wake yapasa kudaiwa katika mabaraza ya miji kwa sauti ile ile tunayodai dawa hospitalini, kwani ni dawa hiyo hiyo. Mpaka hapo itakapopatikana, vikundi ndiyo kinga. Zanzibar imefanya jambo la kusifiwa kwa kuifanya tarehe 1 Januari kila mwaka kuwa siku ya mazoezi, ambapo vikundi vya Unguja na Pemba hutoka barabarani, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Na vikundi vya mitaa vya Dar es Salaam na Mombasa vinavyokutana alfajiri ya Jumamosi vimewatoa ndani kina mama wengi ambao peke yao wasingetoka.

Lakini kutembea hakujengi misuli kwa kiasi kitoshacho, na hili ndilo lisilosemwa sana kwetu, ambako kunyanyua vyuma huhesabiwa kuwa mchezo wa mabaunsa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha habari ya wazee wa nyumba ya kutunzia wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu yao kwa muda wa wiki 8. Nguvu za waliokamilisha ziliongezeka karibu mara tatu, na wawili wakaacha mikongojo yao. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza hayo, wa miaka 50 ana udhuru gani? Wala haimlazimu kuingia katika ukumbi wa mazoezi. Dumu la lita 5 lililojaa maji ni kilo 5, na la lita 20 ni kilo 20. Kuinuka kutoka katika kibao cha mbuzi au mkekani bila ya kushika chini, mara kumi, kisha kupumzika, kisha mara kumi tena, ni zoezi la mapaja lisilo na gharama. Kuusukuma ukuta kwa mikono, na baadaye sakafu, ni zoezi la kifua na mabega. Mara mbili kwa wiki zatosha.

Mizani ni ya msaada, lakini futi ya fundi cherehani husema zaidi. Izungushwe kiunoni juu kidogo ya mifupa ya nyonga, mtu akiwa amepumua nje: mwanamume aliyepita sentimita 94 na mwanamke aliyepita 80 ana sababu ya kwenda kupima sukari na shinikizo. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, maana dozi ya jana juu ya sahani ya leo huweza kumwangusha. Na mwenye maumivu ya kifua atembeapo asiendelee kutembea, aende hospitali.

Kisha kuna maneno ya watu. Mtu wa makamo akipungua kilo tano, jirani humwuliza kwa huruma, umekonda, waumwa? Swali hilo lina asili yake: kwa miaka mingi kitambi kilikuwa alama ya neema na ya kutunzwa na mke, na tangu miaka ya 1980 ukondefu uliogopwa kwa sababu ya UKIMWI uliowaondoa wapendwa wetu. Si haki kumkasirikia aulizaye, kwa kuwa huuliza kwa mapenzi, na kweli mtu apunguaye bila ya kukusudia yampasa achunguzwe kifua kikuu, kisukari na mengineyo. Lakini anayepungua kwa kukusudia aliseme jambo hilo waziwazi, na nyumba nzima iambiwe, kwa kuwa sahani haipinduliwi na mtu mmoja ikiwa mpishi ni mwengine.

Na apungue kiasi gani? Si lazima arudie umbo la ujanani. Katika uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, na wastani wa umri wao ukiwa miaka 51, waligawanywa katika makundi. Waliotakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, hali waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, walipungukiwa kwa asilimia 31, na miongoni mwa waliobadili mwenendo, waliozidi miaka 60 ndio waliofaidika zaidi. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifikii kilo 6. Hao waliobadili mwenendo walipofuatiliwa mpaka miaka 10 ilionekana kwamba kilo nyingi zilikuwa zimerudi, na jambo hilo lasemwa hapa bila ya kufichwa, kwa sababu kurudi kwa uzito ni kawaida na si aibu. Hata hivyo waliopata kisukari miongoni mwao walikuwa bado wachache kuliko wale wa kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, kwa kadiri ya theluthi. Na huko Da Qing, mji wa visima vya mafuta kaskazini mwa China, watu 577 walioingizwa katika mpango wa namna hiyo mwaka 1986, wastani wa umri wao ukiwa miaka arobaini na kitu, walifuatiliwa kwa miaka 30: waliobadili chakula au mwendo kwa miaka 6 ya mwanzo walicheleweshewa kisukari kwa takriban miaka 4, maradhi ya moyo na kiharusi yaliwapata kwa uchache, na kwa wastani waliishi zaidi ya wenzao kwa mwaka mmoja na miezi mitano.